Je, Wajua? Woga wa Kawaida na Woga Unaofunga Milango

Je, wajua kuwa Charles Darwin alishindwa na nyoka aliyekuwa nyuma ya kioo? Katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, Darwin anasimulia alivyosogeza uso karibu kabisa na kioo kinene katika bustani ya wanyama ya London. Upande wa pili alikuwa kifutu, yule nyoka mnene wa Afrika ambaye wengine humwita moma. Darwin alikuwa ameazimia kwamba nyoka akirusha kichwa, yeye hatatikisika. Nyoka akarusha, na mzee akajikuta ameruka nyuma yadi moja au mbili. Akili ilijua kuwa kioo kipo, lakini mwili haukungoja kuulizwa. Huo ni woga wa kawaida, na hakuna daktari ambaye angemwandikia ugonjwa kwa sababu hiyo.

Je, wajua neno fobia lilikotoka? Phobos alikuwa mungu wa hofu wa Wagiriki wa kale, mwana wa Ares, mungu wa vita. Nduguye aliitwa Deimos. Mwaka 1877 Mmarekani Asaph Hall alipogundua miezi miwili inayoizunguka sayari ya Mirihi, miezi hiyo ikapewa majina ya ndugu hao wawili. Sisi neno hofu tulilipata kwa Waarabu, na pembeni yake tuna kiherehere, wahaka, jakamoyo na kimuyemuye. Yote yanaeleza vizuri moyo unavyokwenda mbio. Hakuna hata moja linalotosha kueleza kinachomfanya mtu mzima, mwenye akili timamu, azunguke safari ya saa nzima ili asivuke daraja la dakika mbili.

Je, wajua daktari anatenganishaje woga wa kawaida na fobia? Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, unataka mambo kadhaa yawepo kwa pamoja: woga uzidi sana hatari yenyewe, uje karibu kila mara kitu hicho kinapotokea, udumu, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na mtu awe anakikwepa kitu hicho au anakivumilia kwa mateso. Kisha linakuja sharti ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote: woga huo uwe unamtesa kwelikweli au unaharibu maisha yake, yaani kazi, masomo, safari, undugu. Ukali wa woga peke yake hautoshi. Mtu anaweza kuogopa papa hadi jasho limtoke, lakini akiwa anaishi Dodoma na hana haja ya kuogelea baharini, woga huo haumdai kitu.

Toleo lililotangulia la mwongozo huo lilitaka pia mgonjwa aliye mtu mzima akiri mwenyewe kuwa woga wake umepita kiasi. Sharti hilo limeondolewa. Sasa anayepima ndiye anayeamua kama woga umezidi hatari.

Je, wajua kuwa kukataa kupanda meli iliyojaa kupita kiasi si fobia hata kidogo? MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba kutoka Unguja. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara. Zote tatu zilikuwa zimebeba watu kuliko uwezo wake. Anayefika gatini, akaona watu wamesimama hadi kwenye ngazi, akageuka na kurudi nyumbani, ameogopa ipasavyo. Wahenga walishamtetea mtu huyo: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Sasa mfikirie mwingine. Mama yake yuko Wete, Pemba. Bahari shwari, chombo kizima, abiria wachache, tiketi imelipwa na mdogo wake. Lakini akilisikia tu jina la bandari, miguu inalegea, na miaka 15 imepita hajamwona mama. Huyu ndiye anayehitaji msaada, na kumwambia "jikaze" ni kumwongezea mzigo.

Je, wajua nyoka wanaua watu wangapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na mwaka 2017 liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Wengi wa wanaoumwa ni wakulima, wachungaji na watoto wa vijijini. Kwa hiyo mkulima wa Kitui anayepiga fimbo ardhini kabla ya kuingiza mkono kwenye majani ana woga wa maana. Fobia ni pale mwanafunzi anaposhindwa kufungua kitabu cha baiolojia kwa kuchelea kwamba ukurasa fulani una picha.

Na kinyonga? Hana sumu. Wataalamu wa wanyama husafiri kutoka mbali kuja kuwatazama vinyonga wa milima ya Usambara, huku wenyeji wengi wa ukanda huu wakimkimbia mnyama huyo kuliko wanavyomkimbia mbwa. Hata hivyo, mtu anayemkimbia kinyonga katika kijiji ambacho kila mtu humkimbia si mgonjwa. Amefundishwa. Mwongozo wa madaktari unasisitiza kwamba woga upimwe kwa kuangalia mazingira na mila za mtu, na jambo hilo ni la haki sana kwetu. Bundi naye yuko katika kundi hilohilo.

Je, wajua kuwa woga huambukizwa kwa macho? Katika miaka ya 1980, Susan Mineka na Michael Cook walichunguza nyani waliozaliwa na kukulia maabara. Nyani hao hawakuwaogopa nyoka. Walipowatazama nyani wa mwituni wakitishwa na nyoka, kwa dakika chache tu, nao wakaanza kuogopa. Kisha watafiti wakafanya jambo la ujanja: walikata na kuunga mkanda wa video ili nyani aonekane akitishwa na maua. Watazamaji hawakujifunza kuogopa maua. Nyoka wa bandia aliwaingia haraka, ua halikuwaingia. Kumbe ubongo umetayarishwa kupokea baadhi ya hofu kuliko nyingine, na Martin Seligman alikuwa ameshalisema hilo mwaka 1971. Ndiyo maana wanaotetemeka mbele ya buibui ni wengi, na wanaotetemeka mbele ya soketi ya umeme ni wachache, ingawa nyumbani kwako soketi ndiyo hatari zaidi.

Mzazi anayepiga ukelele kila mjusi anapopita ukutani anafundisha, hata kama hakukusudia.

Je, wajua kuwa mji mzima unaweza kushikwa na hofu bila mtu hata mmoja kuwa na fobia? Mwaka 1995 hofu ya jini aitwaye Popobawa ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu wakawa wanalala nje kwa makundi, moto umewashwa, wakikesha pamoja. Hofu ile ilikuwa ya wote kwa pamoja, ikapanda na ikashuka. Fobia humkaa mtu mmoja, naye mara nyingi huificha kwa aibu.

Je, wajua methali yetu moja ilithibitishwa maabara? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka 1920 John B. Watson na Rosalie Rayner wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha habari za mtoto mchanga waliyemwita Albert. Mwanzoni alikuwa akinyoosha mkono kumshika panya mweupe bila wasiwasi wowote. Wakaanza kugonga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake kila alipomgusa panya. Baada ya kurudia mara kadhaa, mtoto akawa analia akimwona panya tu, bila nyundo. Kisha hofu ikasambaa kwa sungura, kwa mbwa, kwa koti la manyoya, hata kwa barakoa ya Santa Claus yenye ndevu. Huo ndio unyasi wa methali. Mtoto akaondoka mahali pale kabla mtu yeyote hajajaribu kuiondoa hofu aliyopandikizwa. Kila nisomapo habari hii nahisi uchungu. Leo kamati ya maadili isingeruhusu jaribio la namna hiyo hata kwa dakika moja, na ndivyo inavyopasa kuwa.

Je, wajua kwamba dawa ilipatikana miaka minne tu baadaye? Mwaka 1924 Mary Cover Jones aliandika kuhusu mtoto wa karibu miaka 3, aliyemwita Peter, aliyeogopa sungura. Akamweka mtoto kwenye kiti, akampa chakula anachokipenda, na sungura akiwa ndani ya tundu mbali chumbani. Siku nyingine tundu likasogezwa kidogo. Siku nyingine tena kidogo. Mtoto akionyesha wasiwasi, hawakumlazimisha. Mwishowe Peter akawa anamwachia sungura amtafune vidole kwa mchezo. Tiba inayotumika leo duniani kote imejengwa juu ya kiti kile na sungura yule.

Aliyeipa njia hiyo utaratibu kamili wa kitabibu ni Mwafrika: Joseph Wolpe, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1915. Kitabu chake cha mwaka 1958 kiliwafundisha matabibu kupanga hofu kwa ngazi, kuanzia ndogo hadi kubwa, na kuipanda ngazi hiyo huku mwili ukiwa umelegezwa.

Lakini wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa karne ya 9 na ya 10 kutoka Balkh, ambayo leo iko Afghanistan, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Humo alieleza hofu zinazopita kiasi na kushauri mtu aizoeze nafsi yake kidogo kidogo kwa kile anachokiogopa. Nawaambia hili hasa wale wanaodhani kwamba kumpeleka ndugu yao kwa mtaalamu wa afya ya akili ni jambo la kigeni, au kwamba ni dalili ya imani haba.

Naye mshairi Mjerumani Johann Wolfgang von Goethe alijitibu mwenyewe. Akiwa mwanafunzi Strasbourg, na akisumbuliwa na kizunguzungu cha kimo, alikuwa akipanda mnara wa kanisa kuu la mji huo peke yake, akasimama juu kabisa, akarudia hadi woga ukachoka.

Je, wajua kinachoilisha fobia? Ni nafuu. Hapa naomba tukae kidogo, maana watu wengi hukosea. Mtu amepanda daladala Mwenge kwenda Kariakoo. Gari limejaa, madirisha yamefungwa kwa mvua. Moyo unaanza kudunda, viganja vinalowa, anahisi pumzi itakatika. Anapaza sauti, "Shusha hapa!" Anateremka, na ndani ya dakika chache moyo umetulia. Ubongo unaandika: nimepona kwa sababu nimeshuka. Kesho wasiwasi unaanza akiwa bado kituoni. Mwezi ujao anapanda bajaji kwa nauli isiyolingana na mshahara wake. Baadaye anatafuta kazi ya karibu na nyumbani, hata kama malipo ni nusu. Kila kukwepa kumempa nafuu, na kila nafuu imeipalilia hofu. Angebaki ndani ya gari, kengele ile ya mwili ingepanda, ingefika kilele, kisha ingeshuka yenyewe, kwa kuwa mwili hauwezi kupiga kengele bila kuchoka. Lakini hakuwahi kukaa hadi mwisho akaliona hilo.

Hofu ya namna hiyo, ya mahali ambapo kutoka ni shida, ina jina lake: agorafobia. Daktari Mjerumani Carl Westphal ndiye aliyelibuni mwaka 1871, akitumia neno la Kigiriki agora, yaani soko au uwanja wa mji. Wengi hulitafsiri kuwa ni hofu ya sehemu za wazi tu. Ni pana kuliko hivyo: usafiri wa umma, foleni, umati, sehemu zilizofungwa, kuwa nje ya nyumba peke yako. Wapo wasioonekana harusini wala msibani, na jirani anasema wana kiburi.

Je, wajua ipo fobia moja inayoangusha watu kweli? Karibu kila hofu hupandisha mapigo ya moyo na presha, ndiyo maana mwenye fobia ya nyoka anayesema "nitazimia" kwa kawaida hazimii. Fobia ya damu, sindano na majeraha ni tofauti. Mapigo hupanda kwanza, kisha hushuka ghafla, presha nayo ikashuka, damu ikapungua kichwani, na mtu anaanguka. Wengi wa wenye fobia hii wamewahi kuzirai, na mara nyingi mzazi au ndugu yao naye yuko hivyo hivyo. Askari mwenye mwili wa jabali anaweza kuanguka mbele ya bomba la sindano la mtoto. Asichekwe, kwa sababu hakuchagua.

Kwa hawa, ushauri wa "legeza mwili, vuta pumzi taratibu" unaweza kuwaangusha upesi zaidi. Msweden Lars-Göran Öst na wenzake, katika miaka ya 1980, waliwafundisha kinyume chake: kaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka usikie joto likipanda usoni, achia kwa sekunde 20 hivi bila kulegea kabisa, kisha rudia. Presha inapanda, kuzirai kunazuilika. Mkono utakaodungwa ndio unaoachwa umelegea. Na kabla ya yote mwambie muuguzi: "Mimi huzirai nikiona damu, naomba nilale." Muuguzi anayejua kazi yake hatacheka, atakuonyesha kitanda. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu watu wanakwepa vipimo vya sukari, kliniki za wajawazito na chanjo kwa sababu ya woga huu, na kukwepa huko kunaweza kuua ilhali sindano haiui.

Je, wajua kuwa haidrofobia si fobia? Ni dalili ya kichaa cha mbwa kilichofika kwenye ubongo: koo hukakamaa kwa maumivu mgonjwa akijaribu kunywa maji. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kimbilia hospitali upate chanjo, siku hiyohiyo.

Fotofobia vilevile ni macho kuumizwa na mwanga, kama mtu aliyeshikwa na kipandauso anavyojua. Na zenofobia ni chuki dhidi ya wageni. Haitibiwi na daktari wa hofu.

Yale majina marefu ya fobia mia na kitu yanayozungushwa kwenye simu, mengi yao hayamo katika mwongozo wowote wa kitabibu. Daktari huandika tu "fobia mahususi", kisha anataja ni ya nini: mnyama, mazingira ya asili kama radi na kimo, damu na sindano, au hali kama lifti na ndege.

Je, wajua kukosa woga kabisa ni balaa? Yuko mwanamke wa Marekani anayejulikana katika maandishi ya kitaalamu kwa herufi S.M. tu. Ugonjwa wa nadra uliharibu amigdala zake mbili, zile sehemu ndogo za ubongo zinazopiga kengele ya hatari. Watafiti walipompeleka kwenye duka la wanyama, alimshika nyoka na kutaka kuwagusa hata wengine aliokatazwa. Katika maisha yake amewahi kutishiwa kwa kisu na kwa bunduki, kwa sababu haoni dalili za hatari ambazo wewe na mimi tungeziona tukiwa bado ng'ambo ya barabara.

Watoto nao? Mtoto wa miezi 8 anayemlilia mgeni, au wa miaka 4 anayeogopa giza, anakua kama inavyotakiwa, na wengi huyaacha hayo wenyewe. Hata hivyo, fobia nyingi mahususi za watu wazima zilianzia utotoni. Kwa hiyo mchezo wa kumrushia mjusi mtoto anayelia ili watu wacheke ni ukatili. Kumtupa kina kirefu "ajifunze kuogelea" nako hakufanani na tiba aliyopewa Peter, hata kama vyote vinaonekana ni kumkutanisha na anachokiogopa. Katika tiba, mwenye hofu ndiye anayeshika usukani. Anajua hatua inayofuata, ameikubali, na anaweza kusema "ngoja".

Je, wajua kuwa fobia mahususi ni miongoni mwa matatizo ya akili yanayotibika haraka zaidi? Öst alionyesha mwaka 1989 kwamba kikao kimoja cha hadi saa tatu, kikiendeshwa na mtaalamu, kinaweza kumtoa mtu mahali alipokwama kwa miaka. Wengine huhitaji vikao kadhaa. Ajabu ni kwamba wengi hawatafuti msaada kabisa, kwa kuwa wamekwisha kuyapanga maisha yao kuizunguka hofu.

Chukua mtu wa Lamu anayeogopa paka, na Lamu paka wamejaa kila uchochoro na kila baraza. Ngazi yake inaweza kuanza kwa kutamka neno "paka". Kisha picha iliyochorwa. Kisha picha halisi, video bila sauti, video yenye sauti. Kisha paka aliye mwisho wa uchochoro, mtaalamu akiwa kando yake, bila kukimbia hadi moyo ushuke wenyewe. Kisha hatua kumi karibu zaidi. Kisha barazani, kikombe cha kahawa mkononi, paka akipita chini ya miguu, na mazungumzo hayakatiki.